Yungiyungi la Mashyuza na maji tunayosema yanapotea bure

Makazi yake yote yaliyojulikana duniani yalikuwa mita chache za mraba. Yungiyungi dogo kuliko mayungiyungi yote yanayojulikana liliota kwenye tope la uvuguvugu pembeni ya chemchemi ya maji moto ya Mashyuza, Wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda. Wataalamu wa mimea wanaliita Nymphaea thermarum. Jani lake lina upana wa sentimita moja hadi mbili. Linaenea ndani ya sarafu ya shilingi mia na kubakiza ukingo. Kufikia mwaka 2008 tope lile lilikuwa limekauka, na yungiyungi halikuonekana tena pale.

Halikuchomwa, wala halikung'olewa na mtu aliyelichukia. Maji ya chemchemi yalielekezwa mashambani, basi.

Mimi si mtaalamu wa mimea. Kazi yangu ni maji ya vijijini: kutafuta chanzo, kukipima, kukijengea, kulaza bomba mpaka kwenye vituo vya kuchotea. Nimezaliwa Mbeya, nimekua nikiyajua majimoto ya Songwe, na ndiyo maana habari za Mashyuza ziliponifikia hazikupita. Zilinikaa. Kilichokausha tope lile ni kazi inayofanana na yangu, iliyofanywa na watu wenye shida ya kweli ya maji. Naamini tusipojifunza kuiona hatari ya namna hii, tutaendelea kupoteza viumbe ambavyo hata majina hatujavipa.

Kwa wasiojua, chemchemi hupimwa hivi. Unayakusanya maji yapite mahali pamoja, mara nyingi kwa kuziba na udongo wa mfinyanzi na kutega kipande cha bomba, kisha unakinga ndoo ya ujazo unaoujua huku mwenzako ameshika saa. Lita unazigawa kwa sekunde. Unarudi kiangazi kikali, Septemba au Oktoba, unapima tena, maana kipimo cha masika hudanganya. Halafu unapiga hesabu ya watu. Sera yetu ya maji ya mwaka 2002 ilitaka kila mwanakijiji apate angalau lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka anapoishi. Ukishatoa mahitaji hayo, kinachobaki kinaitwa ziada, na ziada haikosi wenyewe. Mwenye bustani ya nyanya anaitaka, mwenye bwawa la samaki anaitaka, wafugaji wanataka birika la ng'ombe. Kwenye mikutano ya kijiji, kauli ninayoisikia kuliko zote ni hii: "Haya maji yanapotea bure."

Wanaoisema hawana ubaya. Ni akina mama walioamka usiku wa manane kuwahi foleni, ni vijana waliosukuma baiskeli zenye madumu manne kupanda mlima. Mtu wa namna hiyo akiona maji yanatiririka na kuishia kwenye nyasi, anaumia, na ana haki ya kuumia. Ila yungiyungi la Mashyuza liliishi kwa hayo hayo maji yanayopotea bure. Kwenye jicho la chemchemi lisingeweza kukaa, kwa kuwa pale maji ni ya moto mno kwake. Wala halikuwa la mtoni. Lilikaa pale maji yalipofurika, yakatambaa juu ya udongo, yakapoa hadi nyuzi joto 25 hivi, yakalowesha ardhi bila kufanya kina.

Fikiria maana yake kwa hesabu ya fundi. Ukipunguza maji ya mto, mto unapungua kina, lakini mto bado upo. Ukipunguza maji ya chemchemi, yanayoathirika kwanza ni yale ya pembeni kabisa, yale mabaki yaliyokuwa yanafurika, na hayo hayapungui bali yanakwisha. Chemchemi inaweza kubaki na maji mengi, watu wakaendelea kuoga na kuchota, shamba likanywa, mkuu wa mradi akaandika ripoti nzuri, na ule ukingo wa tope ukawa umekufa siku nyingi. Hakuna mtu atakayesema chanzo kimekauka, maana hakijakauka.

Bonde la Bugarama, ambako Mashyuza iko, ni sehemu ya chini kabisa ya Rwanda, mita 900 na kitu juu ya usawa wa bahari. Kwa nchi iliyozoeleka kwa vilima na baridi ya asubuhi, Bugarama ni joto. Mto Rusizi unapita huko ukitoka Ziwa Kivu kwenda Ziwa Tanganyika, Congo iko ng'ambo, Burundi iko jirani, na Kiswahili kinasikika sokoni kama kinavyosikika Uvira au Bujumbura. Chini kuna majaruba ya mpunga. Kuna kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1984, na mawe ya chokaa yanayochimbwa kukilisha. Watu hutoka mbali kuja kuoga maji moto ya Mashyuza kwa ajili ya maumivu ya viungo na ngozi. Yote hayo yamo ndani ya Bonde la Ufa, tawi la magharibi, ambako ardhi imepasuka na maji ya chini hupanda yakiwa na joto na chokaa.

Mtu wa Mbeya akisikia maelezo hayo haoni ugeni wowote. Na sisi Songwe tuna maji moto, tuna mawe ya chokaa yaliyojengwa na maji hayo hayo kwa karne nyingi, tuna machimbo, tuna kiwanda cha saruji. Tuna watoto wanaokwenda kuchemsha mayai kwenye maji ya chemchemi. Nilipokuwa mtoto hakuna aliyewahi kutuambia tuangalie kinachoota pembeni.

Aliyeangalia Mashyuza ni mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, Eberhard Fischer. Alilikuta yungiyungi hili miaka ya 1980, akalitangaza kwa jina lake la kisayansi mwaka 1988. Alichokikuta kilikuwa cha ajabu kwa yeyote anayeyajua mayungiyungi. Sisi tumezoea yale ya mabwawani, yenye majani mapana yanayoelea na vikonyo virefu vinavyozama hadi chini kwenye matope. Hili halikuelea. Lilikaa juu ya tope, mmea mzima ukiwa na upana wa sentimita kumi hadi ishirini. Ua lake ni jeupe lenye stameni za njano, limesimama sentimita chache tu juu ya majani. Hufunguka asubuhi na kufumba mchana. Linaweza kujichavusha lenyewe bila kumsubiri nyuki. Likishamaliza kuchanua, kikonyo huinama na kulilaza tunda kwenye tope, mbegu zikaota pale pale miguuni pa mama yao.

Hiyo tabia ya mwisho ndiyo inayonishika. Mmea unaojipanda wenyewe pale ulipo ni mmea ulioridhika na mahali pake. Haurushi mbegu kwa upepo na hauzipaki kwenye manyoya ya mnyama. Kwa miaka isiyohesabika huo ulikuwa mpango mzuri, kwa sababu chemchemi ilimwaga maji masika na kiangazi bila kuchoka. Mpango huo huo ukawa mtego siku maji yalipobadilishiwa njia.

Na ukoo wake si wa juzi. Mayungiyungi ni miongoni mwa koo zilizoachana mapema kabisa na mimea mingine yote inayotoa maua; mapema zaidi yao wako akina Amborella, kichaka cha kisiwa cha New Caledonia huko Pasifiki. Mpunga wa Bugarama, mahindi, maharage, mparachichi nyuma ya nyumba yako, vyote viko upande wa pili wa njia panda ile. Kwa hiyo wanasayansi wanaotaka kujua maua yalianzaje wanayatazama mayungiyungi kwa makini, na hili dogo linawafaa kuliko makubwa kwa kuwa halihitaji bwawa na linachanua haraka. Mwaka 2020 vinasaba vyake vyote vilichapishwa baada ya kusomwa. Yaani mmea ambao ungemalizwa na mtaro mmoja unasaidia leo kueleza asili ya karibu kila chakula tunachokula.

Nataka nimtetee mkulima kabla sijaendelea. Yeyote aliyeyaelekeza maji yale kwenye mazao alifanya kile ambacho ningemshauri akifanye kama ningefika pale na ndoo yangu na saa. Hakuna kibao kilichomwambia kwamba tope lile halina mwenzake duniani. Rwanda ni nchi yenye watu wengi kwenye ardhi ndogo. Kila kipande cha bonde kina mtu anayekitegemea. Ninapoona maandishi ya ng'ambo yakisema "wakulima waliuangamiza" mmea huu, naona yamekosa haki. Kati ya mwaka 1988 na 2008 ni miaka ishirini. Katika miaka hiyo jina la Kilatini lilikuwapo kwenye majarida ya Ulaya, na Rwanda yenyewe ilipitia mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 na kazi ya kuanza upya kila kitu. Maarifa hayakushuka bondeni. Mmea ulijulikana Bonn, Ujerumani, kuliko Bugarama, na hiyo pia ni hatari kwa mmea, tena kubwa kuliko jembe.

Bonn inatajwa kwa sababu Fischer, alipoona makazi yale yalivyo dhaifu, alipeleka mimea kadhaa kwenye bustani ya mimea ya mji huo. Uamuzi huo ndio sababu bado tunalizungumzia yungiyungi hili kama kitu kinachoishi. Wajerumani waliweza kuitunza mimea iliyofika, lakini kuizalisha kwa mbegu kuliwashinda, na mmea unaotunzwa bila kuzaa siku zake zinahesabika. Ilifika mahali panya alikula mmoja kati ya miwili ya mwisho iliyobaki Ujerumani. Uhai wa jamii nzima ukawa umeshikwa na mbegu chache na miche dhaifu.

Mbegu zilipelekwa London, kwenye bustani ya Kew, kwa Mhispania aitwaye Carlos Magdalena ambaye kazi yake ni kuotesha mimea iliyoshindikana. Alianza kama kila mtu angeanza: mbegu za yungiyungi huoteshwa ndani ya maji, kwa hiyo alizitia majini. Zikaota, zikatoa vijani vyembamba, kisha zikadumaa na kufa. Akabadilisha joto, akabadilisha kina, akabadilisha aina ya maji na udongo. Jibu lilipopatikana lilihusu hewa. Mche hutengeneza chakula chake kwa kuvuta kabonidayoksaidi, na gesi hiyo husambaa ndani ya maji polepole mno, kama mara elfu kumi polepole kuliko hewani. Mayungiyungi mengine huvumilia hali hiyo yakiwa machanga, hadi majani yafike juu. Hili halikuumbwa hivyo. Lilitaka mizizi iliyolowa na majani yaliyo hewani tangu utotoni, kama ilivyokuwa Mashyuza. Magdalena aliweka mbegu na miche kwenye vyungu vya udongo vilivyozungukwa na maji yaliyolingana na uso wa udongo, kwenye joto la nyuzi 25. Miche minane ikashika. Novemba 2009 ua la kwanza likafunguka.

Naipenda sehemu hii kwa sababu mtu aliuokoa mmea kwa kuyasoma upya makazi yake. Jibu lilikuwa limeandikwa bondeni Bugarama siku zote: maji yasiyo na kina, yanayotambaa. Mtu huyo huyo, mwaka 2022, alikuwa katika kundi lililolitangaza yungiyungi kubwa kuliko yote, Victoria boliviana wa Bolivia, ambaye jani lake hupita mita tatu. Dunia inayo mayungiyungi ya kubeba mtoto na ya kujificha chini ya sarafu, na yote mawili yanategemea mtu asiguse maji yake.

Januari 2014, mwizi aliingia kwenye jengo la vioo la Kew kama mtembeleaji mwingine yeyote, akachimbua mche mmoja wa yungiyungi hili na kuondoka nao. Polisi wa London wakaitwa. Wapo waliocheka kwamba polisi wanatafuta ua. Mimi sikuona la kuchekesha. Mmea ukiwa adimu unapata bei, ukiwa mdogo unaenea mfukoni, na vitu hivyo viwili vikikutana hatari inakuwa nyingine kabisa. Tembo huwezi kumwibia ndani ya koti. Leo yungiyungi hili linakuzwa na wapenzi wa mimea ya majini huko Ulaya na Marekani, wengine kwenye matangi ya sebuleni, na nafurahi kwamba haliko tena kwenye ncha ya kutoweka. Lakini karibu yote hayo yanatoka kwenye mimea michache mno iliyookolewa, inayojichavusha yenyewe, ndugu wa damu moja. Kitu ambacho kimepita kwenye tundu dogo kiasi hicho hubeba udhaifu wake kokote kiendako; ugonjwa mmoja ukiupata mmoja, hakuna wa kuukinga mwingine.

Tena, kuwa hai kwenye chungu si kuwa nyumbani. Hapo Watanzania hatuhitaji kufundishwa na mtu, kwa sababu tuna Kihansi.

Kwenye korongo la Kihansi, Milima ya Udzungwa, maporomoko ya maji yalikuwa yakirusha manyunyu mchana na usiku, na manyunyu yale yakalowesha vipande vidogo vya majani ambamo mwaka 1996 aligunduliwa chura wa rangi ya dhahabu asiyekuwepo popote pengine. Bwawa la umeme la megawati 180 lilipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji ilipitishwa kwenye handaki na manyunyu yakapungua kwa karibu asilimia 90. Karibu vyura 500 walipelekwa Marekani kutunzwa kwenye bustani za wanyama. Wale waliobaki korongoni waliporomoka ghafla mwaka 2003, na mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba chura huyo ametoweka porini. Walirudishwa kwanza Dar es Salaam mwaka 2010, chuo kikuu, kisha wakaanza kurejeshwa Kihansi.

Wengi wanamkumbuka chura. Wachache wanajua kwamba korongo lile lina pia mkahawa wake wa porini, Coffea kihansiensis, uliopewa jina mwaka 2004. Na kuna kitu pale ambacho kila fundi wa maji angepaswa kwenda kukiona: mfumo wa mabomba yenye vinyunyizio uliowekwa kwa kazi moja tu, kulowesha majani. Mradi wa maji ambao mteja wake ni chura, kuvu na magugu! Uliwekwa kwa gharama kubwa ili kurudisha kile ambacho mto ulikuwa ukikitoa bila malipo. Maji yakimwagika hayazoleki, wazee wamesema, na Kihansi tumejaribu kuyazoa. Tumeweza kidogo.

Sasa habari njema, na nimeichelewesha makusudi. Mwaka 2023 yungiyungi lilionekana tena huko huko Bugarama. Lilikuwapo. Wakati dunia inaliandika kuwa limetoweka porini na London inalichanulisha chini ya kioo, lenyewe lilikuwa limejishikiza kwenye kipande kingine cha ardhi iliyolowa. Niliisoma habari ile nikiwa kazini, nikasimama nikatembea.

Furaha ile inanifanya niogope zaidi. Kila kitu kilicholiondoa mara ya kwanza bado kipo bondeni. Mpunga unahitaji maji, na mitaro ya mpunga husafishwa kila msimu. Mmea mdogo wa pembeni ya mtaro, kwa macho ya anayefyeka, ni gugu. Saruji inahitaji mawe ya chokaa, na mawe ya chokaa ndiyo nyumba yenyewe ya maji moto, kwa hiyo unapochimba jiwe unagusa mishipa ya chemchemi. Watu wanaokuja kuoga wanakuja na miguu na sabuni. Halafu kuna ufa wenyewe: chemchemi za Bonde la Ufa si mali ya kudumu, ardhi ikitikisika jicho huweza kuhama, na mmea unaopanda mbegu zake miguuni pake hauwezi kulifuata jicho likihamia mbali. Zamani, naamini, bonde lilikuwa na pembe nyingi za tope la uvuguvugu za kukimbilia. Leo kila pembe ina mwenyewe. Na sasa, habari za kupatikana kwake zikishaenea, watakuja pia wenye makoti.

Mfumo wetu wa hifadhi haukujengwa kwa ajili ya kitu kidogo hivi. Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971 ndio mlinzi mkuu wa ardhi oevu duniani, na ni mkataba mzuri. Kwetu Tanzania unalinda Malagarasi-Muyovozi, zaidi ya hekta milioni tatu, pamoja na Bonde la Kilombero, Ziwa Natron na eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa. Wenye mkataba wenyewe walihesabu mwaka 2018 kwamba asilimia 35 ya ardhi oevu ya dunia ilipotea kati ya mwaka 1970 na 2015. Hiyo ni hesabu ya hekta. Tope la Mashyuza, mita chache za mraba, halionekani kwenye ramani ya namna hiyo; hata likifa lote, asilimia haitasogea. Jamii nzima ya viumbe ingekuwa imekwisha na takwimu isistuke.

Sheria yetu ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, na Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataja maji ya kutunza mazingira yenyewe, yakifuata baada ya maji ya nyumbani na kabla ya maji ya uchumi. Kwenye karatasi, hiyo ni sheria ambayo ingeweza kuliokoa yungiyungi. Vijijini nionavyo, zile mita 60 hutumika kukilinda chanzo dhidi ya jembe na ng'ombe ili bomba lipate maji safi. Ni nadra mtu kuuliza maji ya mazingira ni lita ngapi kwa sekunde na yaishie wapi. Tunazungushia uzio jicho la chemchemi kisha tunayachukua maji yote kwa bomba, na ndani ya uzio ule mzuri majani yanabadilika, ya tope yanakufa, ya nchi kavu yanaingia. Uzio tu haumnyweshi mtu wala mmea.

Kwamba Rwanda wanaweza, sina shaka. Kaskazini mwa nchi hiyo kuna kinamasi cha Rugezi, ambacho kilichimbiwa mitaro kwa ajili ya kilimo mpaka maji ya Ziwa Burera yakashuka na umeme wa kituo cha Ntaruka, kinachoendeshwa kwa maji hayo, ukayumba. Serikali iliamua kurudisha kinamasi kama kilivyokuwa, maji yakapanda, na ndege aina ya korongo wenye taji wanaishi huko. Rugezi ilipona kwa sababu taa zilizimika Kigali na kila mtu akauona uhusiano. Mashyuza haina taa ya kuzima. Likifa yungiyungi lile mara ya pili, hakuna atakayekosa umeme wala mpunga. Kwa hiyo itabidi lilindwe kwa sababu lipo tu, na hiyo kwangu inatosha kabisa.

Kifundi, kinachohitajika ni kidogo mno, na hilo ndilo linaloniuma. Kila kisanduku cha chemchemi, yaani kijitanki kinachojengwa kwenye jicho kukusanya maji, huwa na bomba la kumwagia maji ya ziada. Kwa kawaida bomba hilo huelekezwa popote panapofaa, mara nyingi kwenye mtaro wa karibu ili eneo libaki kavu na safi kwa wachotaji. Lingeweza kuelekezwa pale pale maji yalipokuwa yakifurika kabla hatujajenga, likafunguliwa kwa upana yatambae badala ya kuchimba mfereji, na kiasi chake kikaandikwa kwenye kibali kama mtumiaji mwingine yeyote anavyoandikwa. Hiyo ni mita chache za bomba na koki isiyofungwa. Jumuiya ya watumia maji ikikubali tangu mwanzo kwamba kuna lita kidogo ambazo si za mtu, hakuna ugomvi. Ugomvi huja pale unapotaka kuzirudisha baada ya watu kushapanda.

Na kabla ya kujenga, atafutwe mtu mmoja anayejua majani. Si lazima awe msomi. Karibu kila kijiji nilichofanyia kazi kina mzee au bibi anayechuma dawa, naye huweza kukuonyesha jani ambalo haliko kwingine kuanzia hapo hadi mto wa pili. Akikuambia hivyo, chukua picha na uzipeleke kwa wataalamu wa idara za botania vyuoni au Herbariamu ya Taifa iliyoko Arusha. Nimeona namna wazee hao wanavyofurahi kuulizwa.

Tuna maji moto mengi: Songwe, Manyara, Mara, na madogo yasiyojulikana nje ya kata zake. Kama unaishi karibu na mojawapo, nakuomba uende kiangazi hiki, wakati mengine yote yamekauka na kilicho kibichi kinajionyesha. Usiishie kwenye jicho ambako watu wanaoga. Fuata maji mpaka yanakokomea, yanapokuwa yamepoa na hayana kina tena, uiname. Ukiona mmea usioufahamu, usiung'oe. Piga picha ya ua, ya jani juu na chini, na ya udongo unamoota, kisha andika tarehe na jina la kitongoji.